Beit el Ajaib (Jumba la Maajabu, Zanzibar): ukumbi wa Sultani, ofisi ya Mwingereza, chuo cha chama, makumbusho... likisimama tena liwe nini?

MtotoWaMalindi (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wadau. Leo nimepita Forodhani natoka kazini nikasimama kulitazama lile jumba, nikaona leo siendi kulala mpaka niandike. Tangu ile Disemba 25 ya 2020 ule upande wa baharini ulipoporomoka na mnara wake wa saa, watu wawili wakafariki mle ndani (Mungu awarehemu), kila anayeongelea Beit el Ajaib anaongelea kuanguka tu. Mie nataka tuongelee limeishi vipi, mana lile jumba limebadilisha kazi mara nyingi kuliko nyumba yoyote ninayoijua hapa Unguja, na naamini mjadala wa litumikeje kesho hauwezi kwenda sawa kama hatujui limetumikaje jana. Uzi mrefu, wekeni chai.

Kwanza, pale mahala penyewe hapakuwa patupu. Karne ya 17 ndipo lilipokuwa jumba la Malkia Fatuma, yule wa ukoo wa kina Mwinyi Mkuu (watawala wenyeji wa Unguja) aliyekuwa na urafiki na Wareno. Kwaiyo kabla Muomani hajaweka jiwe pale, tayari palikuwa na habari yake ya utawala.

Sultani Barghash bin Said ndo aliyejenga 1883. Huyu bwana ujanani mwake aliwahi kupelekwa uhamishoni Bombay baada ya kutaka kumpindua kaka yake Majid, alaf baadae 1875 akaenda mpaka London. Aliona mambo. Aliporudi akatia mabomba ya maji mjini, na akajenga jumba ambalo si la kulala bali la heshima, la kupokea wageni na kufanya sherehe. Roshani zinazunguka ghorofa zote, nguzo za chuma zilizoletwa na meli, sakafu za marmar, milango ya kuchonga yenye aya za Kurani. Husemwa ndo jengo la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Watu wakaliita la maajabu wenyewe, kwa macho yao.

Na halikusimama peke yake. Ubavuni palikuwa na Beit el Hukm, na Beit el Sahel, yote matatu yameunganishwa kwa vipito vya juu ili wanawake wa kifalme wapite nyumba mpaka nyumba bila kuonekana na mtu wa njiani.

Naendelea.

KijanaWaOldTown

Hivyo vipito vya juu sisi huku Mombasa na Lamu twaviita wikio. Endelea kaka twasoma.

MtotoWaMalindi

Shukran kwa neno, nalichukua.

Sa, miaka 13 tu baada ya kujengwa ikaja ile asubuhi ya Agosti 27, 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash (mtoto wa yule yule aliyejenga) akaingia jumbani bila ridhaa ya Waingereza, wakampa muda mpaka saa 3 asubuhi awe ametoka. Hakutoka. Meli za kivita zilizokuwa zimetia nanga pale mbele zikaanza kupiga saa 3 na dakika 2 na kabla ya saa 4 kwisha. Yani dakika 38 hivi, watu wengi huiita vita fupi kuliko zote duniani na wanaisimulia kama kichekesho, mie sijawahi kuiona kichekesho, upande wetu waliouawa na kujeruhiwa wanakadiriwa kama 500 na walikuwa watu wa mji huu huu. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa pale pale bandarini, milingoti yake ikabaki imetokeza juu ya maji miaka mingi.

Beit el Hukm likaisha kabisa. Beit el Sahel likaharibika vibaya ikabidi lijengwe upya. Beit el Ajaib likabaki limesimama. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake ulipigwa, na 1897 wakajenga mnara mpya wenye saa, safari hii ukatoka kwenye uso wa jumba lenyewe. Kwaiyo ule mnara tuliouzoea kwenye mapicha na postikadi haukuwemo kwenye jumba la Barghash hata kidogo, ni kovu la vita. Hili watu wengi hawalijui.

Baada ya hapo likageuka makazi. Sultani Hamoud aliyewekwa na Waingereza akawa anakaa ghorofa ya juu. Hapo ndo kazi yake ya pili, kutoka ukumbi wa sherehe kuwa nyumba ya mtu. Mpaka 1911, Sultani mpya Khalifa bin Haroub alipochagua kukaa Beit el Sahel, hapo Mwingereza akaingiza meza na makabati, jumba likawa makao makuu ya serikali ya himaya ya Uingereza, Sekretarieti. Miaka zaidi ya 50 ya mafaili.

PembaMoja

Kaka samahani nakukata. Uzi mzuri ila mimi naomba tusipite haraka pale 1883. Marmar na nguzo za chuma vilitoka wapi? Vilitoka kwenye karafuu na pembe za ndovu, na karafuu hizo zilichumwa na watumwa, mashamba ya Unguja na ya kwetu Pemba. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku 1873 lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali jumba linajengwa. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisimulia habari za wazee wake mashambani na mpaka leo familia haitaji jina la shamba lile. Kwaiyo mtu akiniambia maajabu, nakubali, lakini naomba na hawa wawemo.

MtotoWaMalindi

PembaMoja umesema haki na ningekuwa nimekosea sana kupita. Nakuongezea moja: amri ya kufuta hadhi ya utumwa ilitoka Aprili 1897 kwa saini ya huyo huyo Hamoud, akiwa sultani wa lile jumba. Kwaiyo nyumba ile ile ina pande zote mbili za hiyo habari. Kwenye makumbusho ya mwisho sikuona hilo likielezwa pale mlangoni kwa maneno mawili matatu ya wazi, na nadhani lingetakiwa liwe jambo la kwanza kusomwa.

BintiMkunazini

Mie nina la Sekretarieti, mana babu yangu mzaa mama alikuwa tarishi mle miaka ya 50. Alikuwa akisema kazi haikuwa kupeleka barua, kazi ilikuwa upepo. Ule upepo wa kaskazi unaingia toka baharini kwa kila mlango mana jumba zima ni roshani na uwazi, lilijengwa watu wapunge hewa, halikujengwa watu waandike. Karatasi zinaruka. Kwaiyo kila meza ilikuwa na jiwe. Wakubwa walikuwa na vitu vyao vya glasi, matarishi na makarani wadogo walijiokotea mawe ya tumbawe pale ufukweni Forodhani. Babu alikuwa na lake, limekaa kama kiganja, lina vishimo vishimo, alistaafu nalo 1961.

Akisema pia kiatu kilikuwa kinasikika. Ukumbi mkubwa, ua katikati uko wazi mpaka juu kwenye paa, ukikohoa chini mtu wa ghorofa ya tatu anakujua.

Mgeni_wa_Bara

Dah hili la mawe limenigusa aisee. Mimi wa Morogoro nilifika hapo 2011 na mke wangu ikiwa makumbusho. Swali langu wakuu, mbona haya majumba mengine ya masultani yamebaki magofu na hili lilidumu? Tulipelekwa Maruhubi tukakuta nguzo tu zimesimama kwenye majani.

Chokaa_na_Boriti

Hapo naomba niingie mana ndo kazi yangu, nimefanya ukarabati wa nyumba za Mji Mkongwe miaka mingi kidogo.

Maruhubi liliungua 1899, lilijengwa na Barghash huyo huyo kwa ajili ya masuria wake. Baada ya moto hakuna aliyepewa kazi nalo, hakuna ofisi, hakuna mpangaji, basi likaliwa na mvua. Mtoni, jumba la Sultani Seyyid Said alikozaliwa binti yake Sayyida Salme 1844, nalo liliungua 1914, likafanywa ghala, na upande mwingine baadae yakaja matangi ya mafuta. Nyumba ya mawe ya kwetu haifi kwa kupigwa mizinga, inakufa kwa kukosa mtu wa kupanda juu ya paa kila mwaka kabla ya masika akaziba nyufa. Mwaka mmoja ukiruka unaona unyevu, miaka mitatu ukiruka boriti inaoza kichwa pale inapoingia ukutani, na hapo huioni mpaka sakafu inashuka.

Sa Beit el Ajaib ni ugonjwa mwingine kabisa na watu huwa wanalichanganya. Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe ni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa na udongo, nene nusu mita na zaidi, alaf juu boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haifiki mbali, mita 3 hivi, ndo mana vyumba vyetu vya kizamani ni vyembamba na virefu, si mapambo ile, ni urefu wa mti. Barghash alitaka kumbi kubwa kwaiyo akaagiza chuma, nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma na sakafu za zege juu yake. Ilikuwa teknolojia mpya kabisa kwa wakati ule. Lakini chuma kukiweka mita chache toka baharini, kwenye hewa ya chumvi, kama rangi na paa havitunzwi kinashika kutu, na kutu ina tabia moja mbaya, inavimba. Chuma kikila kutu kinanenepa, kinalipasua zege toka ndani, zege likipasuka maji yanaingia zaidi, basi inakuwa mbio. Alaf mtu anakuja na saruji anapiga lipu nje juu ya ukuta wa chokaa. Chokaa inapumua, saruji haipumui, unyevu unafungiwa ndani. Kwa macho ukuta unaonekana mpya, ukiugonga kwa kidole unasikia mtupu.

2012 kipande cha roshani kilishaanguka. Ile ilikuwa salamu.

MtotoWaMalindi

Chokaa_na_Boriti Mungu akuweke. Hii ya urefu wa boriti nimekulia kwenye nyumba za namna hiyo na sikuwahi kujua kwanini chumba cha mamangu kilikuwa kama njia.

Naendelea basi. Januari 12, 1964, Mapinduzi. Sultani Jamshid akaondoka na meli. Beit el Sahel alikokuwa akikaa likabadilishwa jina likaitwa Jumba la Wananchi, likawa la ofisi za serikali, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho ya masultani wenyewe, pamoja na chumba cha habari za Sayyida Salme. Beit el Ajaib nalo likaingia mikononi mwa chama, miaka ya 70 likawa chuo cha itikadi na makumbusho ya ASP (Afro-Shirazi Party, chama tawala cha wakati ule) kwa msaada wa Korea Kaskazini. Fikirieni hilo kidogo. Ukumbi aliojengewa mfalme apokelewe kwa heshima, ndani yake wanakaa vijana wa wakwezi na wakulima wanafundishwa habari za kumuondoa mfalme. Babangu mdogo alisoma pale. Alikuwa akisema siku ya kwanza walikatazwa kukimbia ngazini na hakuna aliyesikia, kila mtu alitaka kufika juu kwanza kwenye roshani aone bahari, mana kwao wote ilikuwa mara ya kwanza kuruhusiwa kuingia.

Alaf miaka ya 2000 likawa makumbusho ya historia na utamaduni. Hapa ndo nilipoingia mie, na skuli, darasa la tano. Nakumbuka kitu kimoja kuliko vyote: mtepe. Walikuwa wameweka mtepe mzima pale uani, chombo cha baharini kilichoshonwa kwa kamba za mnazi bila msumari hata mmoja. Mwalimu anaongea huko mbele, mie nimebaki nyuma nimeinama nafuata mshono kwa kidole toka ubao mmoja mpaka mwingine, kamba inaingia tundu inatoka tundu, na mkono wa pili nimeushika kwenye nguzo ya chuma ambayo ilikuwa ya baridi ingawa nje jua kali. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha ya namna ile skuli.

Muskati_Kwetu

Nawasoma toka Muscat. Familia yetu iliondoka 1964 mimi sijazaliwa, Kiswahili nimekipata jikoni kwa mama na bibi. Kwetu sisi Beit el Sahel likitajwa nyumba nzima inanyamaza. Sitaki kufungua mjadala wa Mapinduzi hapa, kila mtu ana maiti wake. Nataka kusema tu kwamba nilipokuja 2009 nikaingia Beit el Sahel kwa tiketi kama mgeni yeyote, nikapanda ngazi, nikaona fanicha na picha za masultani ukutani, na karibu yangu palikuwa na watoto wa skuli wa Unguja wanaangalia vile vile. Nilitegemea nitaumia. Badala yake nilikaa mle mpaka wanafunga. Nyumba ilikuwa safi na ina watu. Bibi yangu nilipomsimulia aliniuliza jambo moja tu, madirisha yanafunguliwa? Nikamwambia yanafunguliwa. Akasema basi.

Sultani Jamshid aliruhusiwa kurudi Oman 2020 baada ya miaka mingi Uingereza, akafariki mwisho wa 2024. Na fedha za ukarabati wa Beit el Ajaib ule uliokuwa unaendelea lilipoanguka zilitoka serikali ya Oman. Wengine hilo linawakera, wengine linawafurahisha, mimi naona ni haki yake jumba.

KijanaWaOldTown

Sisi hapa Mombasa tuna Fort Jesus, si jumba la sultani lakini yamefanana. Ngome ya Mreno, ikapiganiwa wee, kisha toka 1895 mpaka 1958 ilikuwa gereza. Babu zetu wengine waliijua kwa hilo tu, pahala pa kufungwa. Leo ni makumbusho. Lakini nitawaambia ukweli, mtoto wa Old Town aingia mara moja na skuli na basi, haingii tena mpaka aoe. Kwaiyo kuwa makumbusho pekee hakutoshi, yategemea mlango wamfungukia nani.

Mgeni_wa_Bara

Naomba niulize kwa nia njema msinishambulie. Kwanini lisiwe hoteli? Mambo Msiige pale Shangani mbona imekuwa hoteli kubwa na inang'aa, inatunzwa, watu wana ajira. Serikali haina hela ya kupaka rangi chuma kila mwaka kama alivyosema fundi, mwekezaji anayo.

MtotoWaMalindi

Hakuna wa kukushambulia kaka, ni swali la kweli na hata barazani kwetu lipo. Mambo Msiige nayo ina safari ndefu, ilijengwa na tajiri wa Kiarabu katikati ya karne ya 19, ikawa ubalozi mdogo wa Uingereza, ikawa hospitali ya Wazungu, ikawa ofisi za serikali, na toka 2015 ni hoteli. Na ni kweli inatunzwa, sipingi. Ila mie nilikuwa naingia mle kijana kufuatilia karatasi za serikali, nimesimama kwenye foleni kwenye ule ua nikaegemea ukuta ule. Leo nikitaka kuegemea ukuta ule ninunue kahawa kwanza. Kwa Mambo Msiige limeshapita, na mji una nyumba nyingi zinazoweza kuwa hoteli. Kwa Beit el Ajaib naona hapana. Lilifungwa kwa watu wa kawaida kwa Barghash, likafungwa kwa Mwingereza isipokuwa tarishi, likafunguliwa kidogo kwa chama, likafunguliwa kwa wote lilipokuwa makumbusho. Kila lilipobadilisha mwenyewe mlango ulipanuka kidogo. Mie sitaki urudi kuwa mwembamba.

Ninachokitaka nakisema wazi: makumbusho, ndio, na chini ua uwe wa wazi bila tiketi kwa wenyeji, watu wapite, wazee wakae, watoto wa madrasa wapumzike jua la mchana. Mtepe urudi uani. Juu pawe na pahala pa kusomea nyaraka. Na habari ya mashamba ya karafuu iwe pale mlangoni kama alivyosema PembaMoja. Na lipu iwe chokaa.

Chokaa_na_Boriti

Lipu iwe chokaa, hapo sina la kuongeza, ila na mafundi vijana wafundishwe pale pale. Chokaa inachomwa tanuri, inamwagiwa maji, inalazwa wiki na wiki kabla ya kushikwa, hilo si jambo unalisoma kwenye simu. Waliobaki wanaojua tunahesabika. Chumba kimoja tu cha lile jumba kiwe karakana, mgeni apite aone mtu anafanya kazi, hiyo nayo ni makumbusho.

PembaMoja

Naunga mkono. Na siku moja kwa wiki wa Pemba waingie na nauli ya boti wapunguziwe, hilo la kwangu binafsi.

Mgeni_wa_Bara

Nimeelewa wakuu. Kwa kweli sikuwa nimeifikiria hiyo ya mlango. Nafuta hoteli yangu, naweka kura kwenye ua.

MtotoWaMalindi

BintiMkunazini bado upo? Lile jiwe la babu mnalo?

BintiMkunazini

Nipo. Lipo. Miaka yote hii linazuia mlango wa jikoni usijipige, mana upepo ule ule. Nilipoandika hapa jana mama akanisikia nacheka akauliza nini, nikamsomea uzi wote mpaka kwa bibi wa Muscat na madirisha yake. Leo asubuhi nimekuta jiwe limeoshwa liko juu ya kabati, na mlangoni kawekwa kipande cha tofali. Siku wakifungua lile jumba tutalileta, kama kuna meza ya kuliweka.